Msumari wa Tarsicio

Ermelinda alipokuwa mdogo aliifungua saa ya baba yake ili aone dakika zinakaa wapi. Hakuziona, na saa ile haikusema tena mpaka mzee alipokufa, lakini kichapo alichopata siku hiyo hakikumtoa hamu hata kidogo. Alipokua akahamia kwenye matumbo ya samaki. Wenzake walipasua samaki ili wamsafishe apikwe. Yeye alipasua ili ajue samaki amekula nini asubuhi. Mara moja alikuta kifungo cha shati ndani ya changu, akazunguka nacho mtaa mzima akiwauliza wanaume, mmoja baada ya mwingine, kama shati lao halijapungukiwa. Tangu hapo wakamwita Kwanini. Jina likakua naye. Alipoota mvi wakaliongezea heshima, likawa Doña Kwanini, na wapo vijana hapa bandarini Puntarenas wanaonunua chambo kwake kila siku ya Mungu bila kujua kwamba mama yake alimpa jina jingine.

Meza yake iko pale gati linapoanzia. Anauza dagaa waliolazwa juu ya barafu, kamba wadogo, na ngisi aliyekatwa vipande vyembamba kama mikanda ya viatu. Wateja wake ni wavuvi wa mshipi wa mkono, watu wasio na mashua wala fimbo za kuvulia, ambao huzungusha mshipi wao kwenye chupa tupu, wakatia ndoano na chubwi ya kuuzamisha, wakaurusha kutoka gatini na kungoja huku wakisengenya waliochelewa kufika.

Kando ya meza hiyo kuna nguzo ya mti mgumu, iliyobaki tangu zama za treni, na kwenye nguzo kuna msumari. Si msumari wa seremala. Ni msumari wa reli, mnene kama kidole gumba, na aliyeupigilia ni Tarsicio, mume wa Ermelinda.

Kisa chake kila mtu anakijua. Wiki Takatifu moja, Tarsicio alinasa taa mkubwa, samaki bapa mwenye nguvu za fahali, na yule taa akaondoka na mshipi wote, ndoano, chubwi na matumaini. Tarsicio akabaki ameshika chupa tupu mbele ya gati zima. Wenzake wangempa mshipi kama angeomba. Hakuomba. "Kuomba mshipi," alimwambia mkewe jioni ile wakila wali mkavu, "ni kama kuomba mswaki wa mtu. Atakupa, lakini atakukumbuka maisha yake yote." Alipopata mshipi mwingine, akauokota ule msumari kwenye magugu ya reli iliyokufa, akaugongomea nguzoni kwa jiwe, na kutundika pale pande la nailoni lililomzidi. Hakutangaza neno. Kesho yake pande halikuwepo. Wiki iliyofuata yalitundikwa mengine mawili, na hakuna aliyejua ni ya nani.

Hivyo ndivyo desturi ilivyozaliwa. Aliyezidiwa mshipi anatundika. Aliyepungukiwa anachukua akipita. Hakuna kuomba, hakuna kushukuru. Tarsicio aliwafundisha jambo moja tu: ukimaliza kuukunja mshipi kwenye kiganja, ufunge mwisho wake kitanzi kidogo kwa fundo maradufu, upate pa kuning'inia. Watu wakalishika fundo lile kama walivyoshika sala.

Kisha Tarsicio akafa, Jumapili moja, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Alizikwa makaburini kama watu wengine, lakini Ermelinda hakuzoea kwenda huko. Kila asubuhi, kabla hajafunua barafu, aliugusa msumari kwa ncha ya kidole. Hakuwa mtu wa machozi. Aliugusa, akafunua barafu, siku ikaanza.

Mvua za kwanza za mwezi wa Mei zilikuja na upepo ulioichana minazi ya ufukweni. Asubuhi yake, kiota kikubwa kama kofia ya kiaskari kilikuwa kimeanguka mbele ya mkokoteni wa Nereida, muuza barafu ya kusaga, jirani na mtani wa Ermelinda. Nereida alikuwa amekwisha kuinua ufagio.

"Acha!" Ermelinda alimpigia kelele toka mezani kwake.

"Niache nini? Ni kiota cha zanate. Kina utitiri wa kutosha kanisa zima."

Hapa hakuna anayempenda zanate. Dume ni jeusi linalong'aa kama mafuta ya injini, mkia mrefu usio na kazi, macho ya njano ya mtu anayekudai. Jike ni dogo, la kahawia, na ndilo lenye akili. Wote ni wezi. Huiba ndizi ya kukaanga kutoka uma uliokwisha kuinuliwa mdomoni, na wakisha kuiba hukaa karibu wakakutazama ukiomboleza.

Ermelinda alipiga magoti. Ndani ya kiota mlikuwa na makinda mawili. Moja lilikuwa limekufa zamani kidogo, limening'inia nje kwa shingo. La pili lilifumbua mdomo mwekundu likalia. Mguu wake ulikuwa umevimba kama njugu, na juu ya uvimbe kulikuwa na uzi mwembamba wa nailoni uliozama nyamani.

"Nipe kisu chako cha ndimu."

"Kisu changu cha ndimu, kwa ajili ya zanate?" Nereida alisema, lakini alimpa. "Akikua ataanza na meza yako, nakwambia. Huyo hana shukrani. Hata babu yake hakuwa nayo."

Kinda lilimdonoa Ermelinda mara tatu kabla uzi haujakatika. Alilitia ndani ya sanduku la kamba lenye kitambaa. Kisha akafanya jambo lililomfanya Nereida ajipige ishara ya msalaba: alikifunga kiota kizima kwenye aproni yake akaondoka nacho nyumbani.

Mchana ule mvua ilinyesha mfululizo. Ermelinda alitandika gazeti juu ya meza ya jikoni, akajimiminia kahawa, na kuanza kufumua. Hakujua anatafuta nini; alitaka tu kuona ndege asiye na mikono anajengaje. Tope lililokauka lilikuwa limeshika kitako. Juu yake nyasi, nyuzi za makuti, nywele ndefu nyeupe ambazo alizishuku kuwa zake mwenyewe. Akakuta utepe wa buluu na nyeupe, ule wanaopamba nao mashua siku ya maandamano ya Bikira wa Bahari, na akatabasamu. Akakuta mrija wa Nereida. Akawaza namna ya kumwambia kwamba hata yeye alichangia ujenzi. Na katikati ya yote hayo, ukienda juu, ukienda chini, ukishona kila kitu na kila kitu, ulikuwepo mshipi.

Hilo halikumshangaza. Mshipi uko kila mahali: chini ya gati, kwenye mawe, kwenye mikoko ya upande wa pili wa mji, mpaka kwenye mabawa ya mwari. Kilichomshangaza alikigundua kahawa ikiwa imepoa. Alivuta uzi mmoja, ukaja na kitanzi mwishoni. Akavuta mwingine, kitanzi. Wa tatu ulikuwa umekatika, lakini wa nne, kitanzi. Vitanzi vidogo vya fundo maradufu.

Ule uzi alioukata mguuni mwa kinda bado ulikuwa mfukoni mwa aproni. Aliutoa, akausogeza karibu na taa. Haukuwa umejizungusha wenyewe mguuni. Mguu ulikuwa umeingia kwenye kitanzi, na kila kinda lilipojaribu kutoka, kitanzi kilikaza.

Maisha yake yote Ermelinda alikuwa amekimbilia majibu kama mtoto anavyokimbilia bendi ya sherehe. Jioni ile, kwa mara ya kwanza, aliliona jibu linakuja akatamani lipite mtaa mwingine.

Alijipa kila udhuru. Labda ndege waliokota mishipi ile majini baada ya wavuvi kuipoteza. Labda watu walikuwa wanatupa vitanzi jalalani. Usiku alilala na udhuru huo, asubuhi akauona haujakaa sawa, kama shati lililofungwa kifungo kimoja pembeni. Ikabidi aujaribu.

"Niazime rangi yako ya kucha," alimwambia Nereida. "Ile ya buluu."

"Ee! Umepata mchumba?"

"Ninapaka mshipi."

"Afadhali ungesema mchumba."

Alipaka pande moja la nailoni rangi nyekundu, rangi yake mwenyewe iliyokuwa imekauka nusu tangu harusi ya mpwa wake, akalitundika msumarini na kitanzi chake. La pili alilipaka buluu akaliweka jalalani chini ya gati, juu kabisa, pasipo kifuniko. Kisha akageuza kigoda chake. Miaka yote alikuwa amekaa akitazama bahari na wateja, mgongo kwa nguzo. Sasa aliipa bahari kisogo.

Zanate walikuja, kama walivyokuja kila siku, na kila siku aliwafukuza akidhani wanawinda kamba wake. Jike moja la kahawia lilitua juu ya nguzo. Halikuitazama meza kabisa. Lilishuka kwa kurukaruka mpaka kwenye msumari, likainamisha kichwa upande huu, likakiinamisha upande ule, likagusa mshipi huu, likauacha, likagusa mwingine, kama mama anayechagua kitambaa dukani na hana haraka maana muuzaji ni mjinga. Kisha likaukamata ule mwekundu, likakanyaga nguzo kwa miguu yote miwili, likavuta. Mshipi ulijikunjua kutoka kwenye pande taratibu. Mwisho kabisa kikachomoka kitanzi. Jike likaruka kuelekea minazini, na nyuma yake, juani, uzi mwekundu ukametameta.

Pande la buluu lilikaa jalalani siku mbili, likapelekwa na gari la taka.

"Kwa hiyo ni wezi," Nereida alisema aliposimuliwa. "Habari hiyo si mpya."

"Si wizi. Tumewatundikia."

Nereida aliacha kusaga barafu. Aliutazama msumari, akamtazama rafiki yake. "Usiniambie unachofikiria, Linda," alisema kwa sauti ya chini, na hilo jina la utotoni alilitumia mara chache sana.

Ermelinda hakuung'oa msumari. Mkono haukukubali. Lakini aliishusha mishipi yote, akaitia kwenye mkebe mkubwa wa kahawa wenye kifuniko, akauweka chini ya nguzo. Aliona ni jambo dogo. Desturi ingebaki ileile. Ingeshuka tu toka urefu wa bega mpaka urefu wa goti.

Fidelino alifika kabla ya saa sita. Alikuwa mdogo wake Tarsicio, mwanamume mrefu mwenye sauti ya kunadi mnada, ambaye hakukosa gatini hata siku ya homa. Alisimama mbele ya msumari mtupu kama mtu aliyefika nyumbani akakuta mlango umehamishwa.

"Shemeji. Ni mkono gani uliovua mishipi ya kaka yangu?"

"Huu." Ermelinda alimwonyesha wa kulia. Akamweleza yote: kiota, kitanzi, rangi ya kucha.

"Kwa sababu ya zanate?"

"Kwa sababu ya zanate."

"Zanate, shemeji! Ungesema mwari ningekuelewa. Mwari ana adabu, anangoja apewe. Zanate aliniibia soseji ndani ya mkate, mkate akaniachia!"

Wavuvi walicheka. Fidelino hakucheka. "Kaka yangu ana kitu kimoja tu hapa duniani," alisema, "na ni hicho. Hata picha yake nzuri hatuna." Akaenda zake mpaka mwisho wa gati, akakaa peke yake.

Kesho yake msumari ulikuwa na mishipi tena. Ermelinda akaishusha. Kesho kutwa, ikarudi. Hakuna aliyemwona mtundikaji, na Ermelinda hakuhitaji kumwona. Gati likapata mchezo. "Doña Kwanini, hospitali ya zanate inafunguliwa saa ngapi?" vijana walimwuliza wakinunua dagaa. "Nina kuku wangu ana mafua, unampokea?" Aliwajibu kwamba kuku mlete, ila wewe mwenyewe ndiye sina dawa yako. Walicheka wote, lakini usiku nyumbani, kinda likilia ndani ya sanduku lake, alijiuliza kama hakuwa anaufukua mwili wa mumewe ili kumridhisha ndege.

Na kulikuwa na jambo jingine lililomkera zaidi ya dhihaka. Mkebe ulikuwa haupungui. Zamani mishipi haikukaa msumarini siku mbili. Sasa mkebe ulijaa, kifuniko kikanyanyuka, na hakuna mkono uliougusa. Watu hawakuwa wamepata utajiri ghafla. Kwa nini, basi?

Aliuliza. Mmoja akasema hakuuona, naye alikuwa amejikwaa nao asubuhi ileile. Mwingine akasema mshipi wa mkebeni unanuka kahawa na samaki hawapendi kahawa. Wa tatu akasema, "Nitachukua kesho, Doña," akaondoka haraka kama aliyeulizwa kama amekwenda kuungama.

Akaona amwite mtu ambaye walau asingemdanganya, maana alikuwa na hasira mno. Ilikuwa asubuhi yenye mawingu, wateja wachache. Aliweka kigoda cha pili, akamimina vikombe viwili vya kahawa, na Fidelino alipopita akamwambia, "Shemeji, kaa hapa unywe. Usiseme kitu. Tazama nguzo."

"Ndiyo nini sasa?"

"Ukinyamaza utaona."

Ule mshipi ambao Fidelino mwenyewe alikuwa ameurudisha usiku ulikuwa bado unaning'inia. Siku hiyo Ermelinda alikuwa ameuacha kwa makusudi. Walikunywa. Fidelino alikohoa, akatikisa goti, akataka kusema habari za pweza, akanyamazishwa. Jike la kahawia likaja. Likachagua. Likakanyaga nguzo, likavuta, na pande likajikunjua mbele ya macho yao, mpaka kikachomoka kitanzi.

Fidelino alifungua mdomo. Kicheko kilimtoka kabla hajakizuia. "Mwanaharamu!" alisema kwa heshima. "Ona anavyosimama! Kama Tarsicio anavuta changu!"

"Miguu ileile."

"Na tumbo." Alicheka tena, akafuta macho, kisha kicheko kikamwisha kidogokidogo. Ermelinda akatoa mfukoni mwa aproni ule uzi wa mguuni mwa kinda na kumwekea kiganjani. Fidelino alikijua kitanzi kile. Alikizungusha kwa ukucha muda mrefu.

"Nimeelewa, shemeji," alisema mwishowe. "Lakini huo mkebe wako haufai."

"Kwa nini?"

Fidelino hakumtazama. Aliitazama kahawa yake. "Kwenye msumari mtu anapita. Mkono unanyanyuka, mshipi uko mfukoni, na miguu haijasimama. Kwenye mkebe mtu anainama. Anafungua, anafukua. Gati zima linamwona ameinama."

Alisema hivyo kwa sauti ndogo ambayo Ermelinda hakujua kama anayo. Chupa yake ya kuvulia ilikuwa imesimama kati ya miguu yake, na Ermelinda, aliyeiona chupa ile kila siku kwa miaka, akaitazama kwa mara ya kwanza. Mshipi wake haukuwa mmoja. Ulikuwa wa kijani, kisha mweupe, kisha wa rangi ya moshi, umeungwaungwa kwa mafundo nadhifu yaliyobanwa kwa meno. Hakuna duka linalouza mshipi wa namna hiyo.

Swali lilimpanda Ermelinda kooni, likafika kwenye ulimi, likagonga meno. Tangu lini, shemeji? Kwa nini hukuniambia mimi? Aliliona lilivyo, na akaona pia shingo ya Fidelino ilivyokuwa imekakamaa ikilingoja.

"Kahawa imepoa," alisema. "Nikuongezee?"

Fidelino akashusha pumzi. "Ongeza."

Walikaa. Jike lilirudi, likaona msumari mtupu, likazomea. Ermelinda alikuwa anaitazama bado ile chupa. Aliinyanyua, akauvuta mshipi uliozungushwa juu yake, haukulegea. Mvuvi huuzungusha kwa kuukaza, la sivyo unamkorofisha wakati wa kurusha, na ncha yake huchomekwa ndani ili isitoroke.

"Huyo bibi angeweza kuufumua huu?" aliuliza.

Fidelino aliichukua chupa, akaipindua, akafikiri. "Akiipata ncha, ndiyo. Ana subira kuliko mimi."

"Na ncha ikifichwa?"

"Kwa nini?" alisema Fidelino, kisha akagundua amesema neno la nani, wakacheka wote wawili mpaka Nereida akatoka nyuma ya mkokoteni wake kuja kuuliza kuna nini.

Chupa zilipatikana baharini, zikaoshwa. Fundi wa baiskeli wa karibu na soko alitoa mpira wa ndani uliopasuka, na Ermelinda akaukata pete pana pana kwa mkasi wa ngisi. Fidelino aliunganisha vipande kwa meno na mkono wake wa kushoto, Ermelinda akazungusha. Mshipi mzuri uliomo mkebeni ukaenda kwenye chupa, vitanzi vikakatwa, na juu ya mshipi ikavalishwa pete ya mpira iliyobana ncha na kila kitu. Kwenye shingo ya chupa wakafunga ukanda mfupi wa kuning'inizia, wa mpira uleule, mpana kama kidole, usioweza kukaza mguu wa kiumbe. Mabaki yaliyokwisha kazi, yale yasiyofaa kuunganishwa hata kwa meno ya Fidelino, yaliingia pamoja na vitanzi kwenye dumu la mdomo mwembamba chini ya meza, na kuanzia siku hiyo kila aliyenunua chambo aliambiwa alete takataka zake za nailoni au asahau kuongezewa dagaa.

Kisha wakatundika chupa ya kwanza, wakakaa.

Jike lilikuja. Lilitua juu ya nguzo, likashuka, likasimama juu ya chupa yenyewe, chupa ikazunguka, nusura lianguke. Likapanda tena likiwa limekasirika. Likadonoa mpira. Likadonoa kioo. Likazunguka chini, kichwa chini miguu juu, likitafuta ncha, na kwa muda Ermelinda alishika pumzi kwa sababu lilikuwa linatafuta mahali hasa palipofichwa. Lilivuta. Mpira ukarefuka, ukarudi, ukalipiga mdomoni.

"Mama yangu!" Fidelino alijipiga paja.

Zanate aliutazama mpira. Akawatazama wao wawili kwa jicho lake la njano. Akaruka mpaka kwenye mkokoteni wa Nereida, akachukua mrija.

"Na mimi je?" Nereida alipiga kelele. "Mirija yangu nitaivalisha nini?"

Siyo kwamba mambo yalinyooka siku hiyohiyo. Wapo waliotundika mishipi ya kitanzi kwa mazoea, wengine kwa ubishi, na Ermelinda aliishusha akaizungusha kwenye chupa bila kusema. Mwishoni mwa msimu wa viota, wakati wakata makuti walipopunguza minazi, aliwaomba viota vyote vilivyoachwa akavifumua mezani, na vitanzi vya zamani vilikuwa bado vimo, vingi, kwa sababu zanate hujenga juu ya jengo la mwaka jana. Alivikata kimoja kimoja. Kimoja kilikuwa na mfupa mdogo ndani. Ule utepe wa Bikira wa Bahari aliurudisha nje dirishani, kama kuna atakayeuhitaji.

Kinda lake lilipona, mguu mmoja ukabaki mgumu kama kijiti. Alilifungulia sanduku asubuhi moja ya jua, likaruka mpaka paa la jirani bila kugeuka nyuma. Nereida alikuwa amesema kweli. Siku hizi jike moja linalochechemea hutua kwenye ukingo wa meza ya chambo, na likichukua kamba huchukua wa katikati, mnene.

Fidelino hasimami kwa Ermelinda zaidi ya alivyosimama zamani. Ana mwendo wake uleule mrefu, sauti ileile ya mnada. Asubuhi moja ya mwezi wa Septemba, samaki wengi, gati limejaa, alipita akinadi utani wake kwa kila mtu, na alipokwisha kupita, msumari ulikuwa mtupu. Ermelinda alikuwa anapima dagaa wa mteja. Aliendelea kupima.

Jioni, alipokuja kufunika barafu, alinyoosha kidole kugusa msumari kama afanyavyo kila asubuhi, kikagusa kioo. Chupa ilikuwa imerudi. Mshipi wake ulikuwa umeongezewa pande la kijani, na ulikuwa umezungushwa kinyume, kutoka kulia kwenda kushoto, kama azungushavyo mtu wa mkono wa kushoto. Gatini, mwenye mkono wa kushoto yupo mmoja.

Ermelinda aliijaribu pete kwa ukucha. Ilikuwa imebana vizuri. Aliigeuza chupa, akatafuta ncha ya mshipi pande zote, kwa subira, jinsi ndege angefanya, na hakuiona.